Chujio la mchanga la nyumbani: kuotesha utando unaosafisha maji

Kwenye chujio hili kazi kubwa hufanywa na bakteria na vijidudu wengine wanaoota katika sentimita chache za juu za mchanga, na ndio wanaofanya utando. Wanakula mabaki ya majani, mwani na vimelea vinavyokuja na maji, nao wanahitaji hewa. Vipimo vingi hapa chini vipo kwa ajili yao.

Tafuta mchanga wa mawe yaliyosagwa. Wa mtoni huja na uozo na vimelea vyake, wa ufukweni una chumvi. Chekecha: kokoto za milimita 6 hadi 12, changarawe ya 0.7 hadi 6, na mchanga usiozidi 0.7. Osha kokoto na changarawe mpaka maji yatoke meupe. Mchanga uoshe kidogo tu: ukiuosha kupita kiasi, chembe laini zote zinapotea na maji yatapita mbio. Ili kupima, weka kiasi chake kwenye chupa yenye maji safi, zungusha, subiri sekunde 3 au 4. Uso wa mchanga uonekane, lakini maji yabaki na ukungu kidogo.

Jaza chombo: kokoto sentimita 5, changarawe 5, kisha mchanga kama 54. Mimina mchanga ndani ya maji, usiumwage mkavu, la sivyo hewa itanaswa humo. Mdomo wa bomba la kutokea uwe juu ya mchanga kiasi kwamba maji yakiacha kutiririka, sentimita 5 za maji zibaki juu ya mchanga. Yakizidi sana, hewa haifiki chini. Yakipungua, utando hukauka. Usiunge mpira kwenye mdomo huo, utanyonya maji mpaka mchanga ubaki mkavu.

Juu weka sahani yenye matundu, ili maji yasichimbe mchanga. Chujio likiwa limejaa, lita 1 ichukue angalau dakika 2 na nusu kutoka.

Mimina lita 12 kila siku kutoka chanzo kilekile. Utando hukomaa kwa takriban siku 30. Kati ya mimino pumzisha angalau saa 1, isizidi 48. Maji yenye klorini yasiingie kabisa. Klorini hutiwa baadaye, kwenye ndoo ya maji yaliyochujwa.

Mtiririko ukizidi kudhoofu, koroga kwa kiganja uso wa mchanga juu juu tu, chota maji yenye tope, rudia. Utando utachukua siku kadhaa kurudi, kwa hiyo usifanye hivyo kila wiki kwa mazoea.

Rangi ya kahawia ya maji ya kinamasi huenda isiishe: sehemu kubwa ya uozo ulioyeyuka namna hiyo, bakteria hawaiwezi.