Ndege haifiki spidi? Usiguse injini kwanza
Kama unaunda ndege ya kujengwa nyumbani kwa Plane Maker, programu ya kuunda ndege ya mchezo wa kuiga urubani wa X-Plane, ile ya mbio yenye injini ya hosipawa 200, na spidi ya mwisho inakataa kufika, usiongeze hosipawa, punguza ukinzani wa hewa wa bodi kidogo kidogo ukijaribu tena. Nguvu inaenda na spidi kipeo cha tatu, yaani ukitaka spidi zaidi kwa asilimia 10 unadaiwa nguvu karibu asilimia 33, sasa ukiongeza injini spidi inasogea kiduchu lakini kupaa inapaa kama roketi na hiyo si ndege ya kweli tena. Kupaa ndiko kunakuonyesha nguvu, spidi ya mwisho inakuonyesha ukinzani. Na jaribio lifanyie Mombasa karibu na usawa wa bahari, si uwanja wa Wilson Nairobi, huku tuko juu ya futi 5,500 na injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) inakosa hewa, utaishia kurekebisha kitu kisicho na shida. Kupunguza ukinzani hakutasaidia kama propela ni ya pembe isiyobadilika na pembe hiyo umeikosea, cheki mizunguko ya injini, ikigonga 2,700 kwa dakika kabla hujamaliza throto basi shida ni propela.