Jinsi ya kuchambua ushawishi wa hotuba ya kisiasa: Nyerere 1978, Lumumba 1960

Uchambuzi mwingi wa hotuba huishia kwenye orodha: hapa pana takriri (neno linalorudiwa), pale pana sitiari, kule pana swali la balagha. Orodha hiyo haielezi kwa nini waliosikiliza walikubali. Kufika kwenye "kwa nini" kunahitaji rekodi, karatasi, kalamu mbili za rangi tofauti na saa mbili hivi za utulivu. Mifano mikuu ni hotuba ya Mwalimu Julius Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978, alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin, na ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ya tarehe 30 Juni 1960, siku Kongo ilipopata uhuru.

Hatua ya 1: Pata sauti, na ujue ni sauti ya lini

Kata kipande cha dakika mbili au tatu, kisizidi hapo. Kisikilize mara tatu. Mara ya kwanza usiandike chochote. Mara ya pili andika kila neno, hata yaliyorudiwa kwa kujikwaa. Mara ya tatu weka mkwaju mmoja ( / ) kila msemaji anapovuta pumzi, na miwili ( // ) anaponyamaza au watu wanaposhangilia.

Usichukue maandishi yaliyotayarishwa kabla ukadhani ndiyo hotuba. Martin Luther King aliposema Washington tarehe 28 Agosti 1963, sehemu ya ndoto ambayo dunia nzima inaikumbuka haikuwemo kwenye karatasi aliyoiandaa. Sauti nayo inaweza kukupoteza. Hotuba ya Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, bungeni ya tarehe 4 Juni 1940 haikurekodiwa siku hiyo. Sauti inayosambaa aliisoma mwaka 1949. Ukipima mapumziko yake humo, unampima mzee anayesoma vita vilivyokwisha, si waziri mkuu anayekihutubia chumba chenye hofu.

Hatua ya 2: Andika kilichotangulia

Juu ya ukurasa, jibu kwa sentensi moja moja: nani amezungumza kabla yake? Nani yupo ukumbini? Nani anasikiliza kutoka mbali? Nani kati yao hataki kusikia haya?

Kwa Lumumba, majibu hayo ni nusu ya kazi. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji ametangulia kusema, akamsifu Leopold II, mfalme aliyewahi kuimiliki Kongo kama mali yake binafsi. Rais Kasavubu wa Kongo ameongea kwa adabu. Lumumba hayumo kwenye ratiba, na anaanza kwa kuwaita Wakongo, wanaume kwa wanawake, wapiganaji wa uhuru walioshinda. Mfalme ameketi pale pale, ila si yeye anayesalimiwa kwanza. Aliyeanza kuchambua kwenye aya ya pili amekwishapitwa na tendo kubwa kuliko yote.

Kwa Nyerere, mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Uganda yamevuka mpaka, na tarehe 1 Novemba utawala wa Amin umetangaza kuitwaa ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto Kagera. Ana hadhira mbili: Watanzania waliojaa hasira na wasiwasi, na viongozi wa Afrika wanaotaka yamalizwe kwa mazungumzo. Ipime kila sentensi kwa hadhira zote mbili.

Hatua ya 3: Zungushia viambishi vya nafsi

Hapa ndipo hotuba ya Kiswahili inapofanyia kazi yake kubwa, na ndipo vitabu vinavyofuata mifano ya lugha nyingine vinapopapita haraka. Tumia rangi moja kwa kila "tu-", na nyingine kwa anayetendwa: "-m-", "-wa-", "-i-".

Chukua maneno maarufu ya Nyerere, kwa namna yanavyonukuliwa sana:

Uwezo wa kumpiga tunao. Sababu ya kumpiga tunayo. Na nia ya kumpiga tunayo.

Tazama "-m-". Hakusema "kuipiga", ambayo ingekuwa nchi ya Uganda, wala "kuwapiga", ambao wangekuwa watu wake. Ni mtu mmoja. Silabi hiyo moja inamwambia Mtanzania kwamba jirani wa kule ng'ambo si adui, na inawaambia viongozi wa Afrika kwamba ugomvi ni na mtawala.

Sasa tazama kitenzi. "Kupigana naye" kungewaweka wawili kwenye ulingo mmoja, kila mmoja akirusha ngumi. "Kumpiga" kuna mpigaji na mpigwaji tu. Kiambishi "-an-", cha kutendana, kimeachwa, na usawa umeondoka nacho.

Kisha uliza "tu-" inamkumbatia nani. Kiswahili hakitenganishi "sisi pamoja na wewe unayenisikia" na "sisi bila wewe", kwa hiyo muktadha ndio unaoamua. "Sisi" ya Lumumba, katika "nous avons connu" ("tumejua") yake inayorudi na kurudi, inawakusanya Wakongo wote na kumwacha nje mgeni mkubwa aliyeketi mbele.

Hatua ya 4: Ona takriri imekaa wapi

Kuhesabu takriri ni rahisi. Mahali ilipokaa ndipo pana maana. Lumumba anarudia mwanzoni: tumejua kazi ya kuchosha, tumejua kejeli, matusi na mapigo ya asubuhi, mchana na jioni. Mwanzo unapojirudia, sikio hungoja jambo jipya, na kila jipya linakuwa zito kuliko lililopita.

Nyerere anarudia katikati na mwishoni. Mpangilio wa kawaida ungekuwa "Tuna uwezo wa kumpiga". Yeye ametanguliza uwezo, sababu na nia, akakifunga kila kipande kwa "tunao" au "tunayo". Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kila mara sauti inatua juu ya "-na-", yaani kwenye kumiliki kwenyewe. Sentensi zinafungwa kama milango mitatu.

Watu hubadilisha mpangilio wanaponukuu, wakaanza na nia na kumalizia na uwezo. Usikubali nukuu ya mdomoni. Rudi kwenye sauti. Ukimalizia na "tunao", ule mlingano wa "tunayo" mbili za mwisho unapotea.

Hatua ya 5: Bomoa, kisha usikilize

Andika upya kwa maneno makavu: "Tuna uwezo, sababu na nia ya kupigana na Uganda." Hoja ni ile ile. Isome kwa sauti, kisha usome ya asili. Orodhesha kilichotoweka: mtu mmoja amegeuka nchi, mpigwaji amegeuka mpinzani, vituo vitatu vimekuwa kimoja. Hayo matatu ndiyo matokeo ya uchambuzi wako. Kama ulizungushia kitu na kukiondoa hakubadilishi chochote, kifute.

Hotuba ya lugha nyingine ibomoe katika lugha yake. Lumumba anakumbusha kwamba mtu mweusi aliitwa "tu", si kwa urafiki, bali kwa sababu "vous" ya heshima ilitengwa kwa wazungu peke yao. Ukiweka "wewe" na "ninyi", jeraha halionekani, maana kwetu heshima hukaa kwenye "shikamoo", "mzee", "bwana". Acha maneno ya Kifaransa yabaki, ueleze pembeni.

Hatua ya 6: Tafuta kisichosemwa

Soma sentensi ile ya uwezo tena. Hakuna idadi ya askari, hakuna silaha, hakuna siku. Kwa vita, ukimya huo una maana ya kijeshi. Kwa ushawishi, unamwachia kila msikilizaji ajaze picha yake. Weka alama ya kuuliza pembeni ya kila dai lisilo na ushahidi, kisha uandike hadhira ilikubali kwa sababu gani: imani kwa msemaji, hasira iliyokuwepo tayari, au hoja. Hapa wengi hukosea kwa kuipa hotuba sifa ya hisia zilizokuwa zimeshawaka kabla haijaanza.

Hatua ya 7: Andika matokeo

Kila dai liwe na vitu vitatu: maneno yenyewe, yanachofanya, yanamfanyia nani. "Nyerere alitumia takriri kwa ufanisi" halijakamilika. Lililokamilika ni kama hili: "Kwa '-m-' katika 'kumpiga', Nyerere anawatenga Waganda na Amin, hivyo kiongozi wa Afrika anayeogopa vita kati ya nchi mbili anasikia ugomvi na mtu mmoja." Madai manne ya namna hiyo yanatosha kwa kipande cha dakika tatu.