Somo: Kihispania cha hotelini, kuanzia mapokezi hadi kulipa

Somo hili ni la anayekwenda Hispania kwa siku chache na anataka kumaliza shughuli za hotelini bila mkalimani. Sarufi tumeiacha. Kuna sentensi chache, matamshi yake, na pia maswali utakayoulizwa wewe, ambayo wanaojifunza peke yao huyasahau. Mtu anakariri namna ya kuomba chumba, anakitamka vizuri kabisa, kisha mhudumu anamjibu na yeye anabaki amekodoa macho. Kwa hiyo kila sentensi unayoikariri, kariri na jibu lake.

Hatua ya 1: Matamshi

Anayesema Kiswahili ana bahati hapa. Irabu za Kihispania ni zilezile tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa kama zetu. Mkazo nao unafanana: neno likiishia kwa irabu, n au s, mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu (re-SER-va, DU-cha). Likiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo huenda mwisho: o-TEL, fa-VOR. Pale kanuni inapovunjwa, irabu huwekewa alama juu: habitación.

Herufi za kuangalia ni hizi:

- H haisikiki. Hotel ni "otel".
- Z, na C iliyo mbele ya e au i, ni th ya "thelathini". Habitación (chumba) ni "abitathion".
- J, na G iliyo mbele ya e au i, ni kh ya wanaotamka "kheri" kwa koo. Tarjeta (kadi) ni "tarkheta".
- LL hutamkwa y: llave (ufunguo) ni "yabe". Hapo umeona pia kwamba V ni b.
- Ñ ni ny: baño (bafu, choo) ni "banyo".
- D katikati ya irabu hulegea ikawa dh ya "dhahabu": salida (kutoka) ni "salidha".
- QU ni k tu: ¿qué? (nini?) ni "ke".

Th, dh na kh humtesa mgeni mwingine kwa miezi. Wewe unazo tayari, zitumie.

Makosa yetu ni mawili. La kwanza ni kubandika irabu mwishoni: "hoteli", "favori". Funga mdomo kwenye l na r. La pili ni kwa wanaochanganya r na l: pero ni "lakini", pelo ni "nywele". Ukiomba kikaushio cha nywele ni secador de pelo.

Maneno mengine utayatambua mara moja, kwa sababu yamepita njia moja na yetu. Azúcar na sukari yote yametoka Kiarabu, na hasta (hadi) ni ndugu wa "hata" yetu. Mesa ni meza, ambayo sisi tuliipata kwa Wareno. Kuwa macho na tarifa: asili yake ni moja na "taarifa", lakini kwao ni bei.

Hatua ya 2: Namba na saa

Usiende bila namba. Jifunze 1 hadi 20, kisha makumi, kisha cien (100) na mamia. Jozi zinazopoteza watu ni dos (2) na doce (12), seis (6) na siete (7), sesenta (60) na setenta (70). Chumba namba 412 kinaweza kutajwa cuatrocientos doce au kwa kifupi cuatro doce. Usiposhika, sema: *¿Me lo puede escribir?* (Unaweza kuniandikia?)

Saa ndiyo mtego mkubwa kwetu. Wao huanza kuhesabu usiku wa manane na adhuhuri, si jua linapochomoza. *A las siete* ya asubuhi ni saa moja yetu, na *a las once* ni saa tano. Mtu akitafsiri siete kuwa "saa saba" kichwani, atashuka kutafuta kifungua kinywa mchana, meza zimeshafutwa.

Hatua ya 3: Mapokezi

Anza na salamu, kisha ombi. *Buenos días* hutumika hadi wakati wa chakula cha mchana, ambacho kwao ni kama saa nane. Baada ya hapo ni *buenas tardes*, na giza likiingia *buenas noches*. Kisha:

*Tengo una reserva a nombre de…* (Nina nafasi niliyoweka kwa jina la…)

Utakayosikia:

- *¿Me deja el pasaporte?* Anaomba pasipoti.
- *¿Cuántas noches?* Usiku mingapi? *Tres noches.*
- *¿Un teléfono? ¿Un correo electrónico?* Namba ya simu, barua pepe.
- *¿Me firma aquí?* Tia saini hapa.
- *¿Me deja una tarjeta?* Anataka kadi ya benki kwa dhamana, yaani *fianza*.

Usichukie maswali haya. Sheria inailazimu hoteli kusajili wageni, na tangu tarehe 2 Desemba 2024 taarifa zinazotakiwa chini ya Amri ya Kifalme 933/2021 zimeongezeka, pamoja na anwani ya nyumbani na njia ya malipo. Kila mwenye zaidi ya miaka 14 hutia saini.

Sasa kuhusu majina, maana hapa ndipo wengi hukwama. Mhispania ana jina moja au mawili, kisha ukoo wa kwanza, kisha wa pili. Jina kama Asha Juma Bakari atalisoma hivi: Asha ni jina, Juma ni ukoo wa kwanza, Bakari wa pili. Akitafuta kwenye kompyuta ataanza na Juma, huku wewe uliweka nafasi kwa Bakari, naye atakwambia *no aparece* (halionekani). Mwambie: *Mire también por Bakari*, aangalie na kwa hilo. Tena atasoma Juma kuwa "Khuma" na Hamisi kuwa "Amisi". Akisema *¿Me lo deletrea?* anataka herufi moja moja: J ni jota, H ni hache ("ache"), K ni ka, M ni eme, W ni uve doble, Y ni ye au i griega.

Kabla hujaondoka mezani hapo, uliza mambo matatu: *¿Está incluido el desayuno?* (kifungua kinywa kimo kwenye bei?), *¿A qué hora es el desayuno?* (kifungua kinywa ni saa ngapi?) na *¿Cuál es la clave del wifi?* (nywila ya wifi ni ipi?) Wifi kwao ni "uifi". Katalonia (jimbo la Barcelona) na visiwa vya Baleari (Mallorca na jirani zake) hutozwa pia *impuesto turístico*, kodi ya utalii, kwa kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi hulipwa hapohapo mapokezi, nje ya bei uliyoiona mtandaoni.

Hatua ya 4: Chumbani

Kwenye lifti (*ascensor*), kitufe cha 0, B au PB ni *planta baja*, ghorofa ya chini. *Primera planta* ni ya juu yake, kama tulivyozoea. Hoteli nyingi huwasha umeme wa chumba kwa kuchomeka kadi ya mlango kwenye kisanduku ukutani, karibu na mlango. Usilalamike kwamba hakuna taa kabla hujakiangalia.

Bomba lenye C ni la maji moto! C ni caliente, F ni fría, baridi. Aliyezoea bomba zenye C ya Kiingereza (cold, baridi) ataungua.

Soketi za Hispania ni za pini mbili za duara, volti 230. Chaja ya pini tatu bapa iliyonunuliwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam haiingii: *¿Tiene un adaptador?* Soketi na plagi zote ni *enchufe*.

Hatua ya 5: Kitu kikiharibika au kikikosekana

Mifumo mitatu inatosha, unabadilisha jina tu.

*No funciona…* (haifanyi kazi): el aire acondicionado (kiyoyozi), la ducha (bafu la mvua), la tele, el mando (rimoti), la tarjeta.

*No hay…* (hakuna): agua caliente (maji moto), papel higiénico (karatasi ya chooni), jabón (sabuni).

*¿Me puede traer…?* (unaweza kuniletea?): otra toalla (taulo jingine), otra manta (blanketi), otra almohada (mto).

Choo kikiziba: *El váter está atascado.* Kelele zikizidi: *Hay mucho ruido, ¿me puede cambiar de habitación?* (Kuna kelele nyingi, unaweza kunibadilishia chumba?) Jibu likiwa *ahora mismo* wanakuja sasa. Likiwa *enseguida*, vuta subira kidogo. Ukisikia *mañana por la mañana*, ni kesho asubuhi, na kama ni choo usikubali.

Onyo moja: ukisikia joto sema *tengo calor*. Ukisema *estoy caliente* utakuwa umetangaza hamu ya kimapenzi.

Hatua ya 6: Kuondoka

*La salida es a las doce* ni kwamba mwisho wa kukabidhi chumba ni saa sita mchana. Hoteli nyingine ni saa tano. Utaulizwa *¿Ha tomado algo del minibar?* (Umechukua chochote kwenye friji ndogo ya chumbani?) Jibu ni *no, nada*, au utaje ulichokunywa. Mizigo: *¿Puedo dejar las maletas hasta las cinco?* (Naweza kuacha mizigo hadi saa kumi na moja?) Kama unasafiri kikazi omba *factura* (ankara) yenye jina la kampuni, maana risiti ya kawaida wahasibu wengi huikataa. Humo utaona IVA, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa malazi ni asilimia 10.

Maswali ya wanaojifunza

Swali: Nimwite mhudumu *tú* (wewe ya kirafiki) au *usted* (wewe ya heshima)?
Anza na usted. Sentensi zote za hapo juu (*me puede, tiene*) ni za usted. Vijana watakujibu kwa tú upesi. Si dharau, ni ukarimu wa kwao.

Swali: Mimi ni Mwislamu. Nitajuaje kama chakula kina nguruwe?
Usiulize kama kina nyama. *Sin carne* (bila nyama) kwa wapishi wengine haizuii vipande vya jamón au samaki. Taja mnyama: *¿Lleva cerdo?* (Kina nguruwe?) na *No como cerdo* (Sili nguruwe). Jamón, chorizo, salchichón, tocino na beicon kwa kawaida ni nguruwe, ila *jamón de pavo* ni bata mzinga. Kosa la hatari zaidi ni *mantequilla* na *manteca*: ya kwanza ni siagi, ya pili huko Hispania kwa kawaida ni mafuta ya nguruwe. Huingia hata kwenye vitu vitamu, kama ensaimada ya Mallorca na mantecados za Krismasi. Uliza: *¿Lleva manteca de cerdo?*

Swali: Nakwenda Barcelona. Nijifunze Kikatalani?
Kwa hoteli Kihispania kinatosha. Tambua tu maandishi: *sortida* ni kutoka, *esmorzar* ni kifungua kinywa. Ukisema *bon dia* na *gràcies* utaona nyuso zikichangamka. Bomba hazibadiliki: calenta ni moto, freda ni baridi.

Swali: Nilikariri vizuri, lakini kule Sevilla sikushika kitu.
Andalusia, jimbo la Sevilla, s ya mwisho wa silabi hudhoofika au hupotea. *Buenos días* huwa kama "bueno día", dos huwa "do". Namba ndizo zinazoumia zaidi, kwa hiyo omba uandikiwe. Vinginevyo: *Más despacio, por favor* (polepole zaidi, tafadhali).

Swali: Kihispania hiki kitanifaa Malabo au Meksiko?
Guinea ya Ikweta, uliko mji wa Malabo na ambako Kihispania ni lugha rasmi, msamiati uko karibu na wa Hispania. Meksiko utaeleweka, ila th haipo, wao hutamka s. Ascensor ni elevador, bafu la mvua ni regadera, na juisi ni jugo badala ya zumo. Acha pia kitenzi *coger*: Hispania ni "kuchukua", unaweza *coger un taxi* mchana kweupe, lakini Meksiko ni tusi. Huko sema *tomar*.