Kumtafuta babu wa zamani kwa hati za shamba, Unguja na Pemba

Usianze na jina, anza na shamba. Kina Juma bin Khamis ni wengi mno, lakini shamba moja lina mipaka yake minne, na majirani hao hawafanani na wa shamba jingine. Kabla ya kwenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, kaa na wazee wa ukoo: shamba liko kijiji gani, limepakana na nani, lilikuwa la wakfu au la kurithi? Andika na lakabu pia.

Hati nyingi za karne ya 19 ni za Kiarabu na zina mwaka wa Hijria. Zidisha mwaka huo kwa 0.97, ongeza 622. Kwa 1315 utapata 1897. Hesabu hii ni ya kukisia, basi fungua pia daftari la hati la mwaka wa nyuma na la mbele. Katika mipaka, kibla kwetu ni kaskazini, suheli ni kusini, matlai ni mashariki. Ukiichukulia kibla kuwa upande mwingine, jirani wote watahama. Na kama hati ya zamani ya Unguja inataja mikarafuu na ya baadaye inataja minazi, usiseme ni shamba jingine: kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi.

Panapowapotosha wengi ni bei khiyari. Kwa sura ni mauzo, kwa undani ni mkopo: mwenye shamba anapokea fedha, na akizirudisha ndani ya muda uliotajwa, shamba linamrudia. Mara nyingi hakuhama hata siku moja, alibaki mle mle akilipa kodi ya pango. Kwa hiyo ukiona ameuza, soma sharti mpaka mwisho, kisha tafuta hati ya pili ya kurejesha kabla ya kuandika kwamba ukoo ulipoteza ardhi.

Hati za mirathi ndizo hazina hasa, kwa sababu mafungu yanasema hata pale majina yanaponyamaza. Mke akipewa thumni, yaani sehemu moja ya nane, marehemu aliacha watoto, au wajukuu kwa mtoto wa kiume. Akipewa robo, hakuacha. Wake wawili hugawana thumni hiyo hiyo. Ndugu wa marehemu akirithi, jua hapakuwa na mtoto wa kiume wala baba aliye hai.

Kumbukumbu za kodi ya karafuu hazikufikishi mbali. Kodi hiyo ilikusanywa forodhani, na jina utakalolikuta mara nyingi ni la mfanyabiashara, si la mkulima.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa mali ya serikali, na mashamba mengi yakagaiwa kwa eka tatu tatu. Karatasi ya eka inamtaja aliyepewa tu. Kumpata mwenyewe wa kwanza, chukua jina la kijiji na mipaka, urudi nayo kwenye madaftari ya kabla ya mwaka huo.