Kumrudisha mtoto kwa wenzake baada ya ubongo kuumia: mwongozo kwa wazazi na walezi wa Kigoma

Mtoto aliyeanguka kutoka juu ya mwembe, aliyegongwa na bodaboda, au ambaye malaria ilimpanda kichwani hadi akapoteza fahamu, akiruhusiwa kutoka hospitali huku anatembea na kuzungumza, ndugu humshukuru Mungu na kuona kwamba yamekwisha. Wiki chache baadaye ndipo inapobainika kwamba anasahau alichotumwa, analia kwa jambo dogo, anachoka kabla ya adhuhuri, na wenzake hawaji tena kumwita uwanjani. Shirika la Afya Duniani, katika mfumo wake wa mwaka 2001 wa kuainisha ulemavu na afya, linakuita huko kujihusisha na maisha ya kila siku kuwa ni ushiriki, na linaeleza kwamba ushiriki hutegemea mazingira na watu wanaomzunguka mtoto pamoja na hali ya mwili wake. Kwa hiyo kazi ya mlezi haisubiri hadi mtoto apone kabisa.

Usalama utangulie. Mtoto aliyegongwa kichwa akitapika mara kwa mara, akapata degedege, akalala usingizi usioamshika, au kichwa kikazidi kumuuma, apelekwe mara moja hospitali ya mkoa ya Maweni au kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Kwa mtikisiko mdogo wa ubongo, mapumziko ya siku moja au mbili kwa kawaida hutosha, kisha shughuli nyepesi zirudishwe kidogo kidogo, ila mpira na kupanda miti visubiri ruhusa ya daktari, kwa sababu kichwa kugongwa tena kabla ubongo haujatulia ni hatari. Mwenye degedege asiogelee wala kuoga ziwani bila mtu mzima wa kumtazama kwa karibu, asiachwe peke yake jikoni penye moto, na dawa zake zisikatishwe kwa kuwa tu ameonekana mzima.

Baada ya hapo, kaeni nyumbani mwandike mahali alipokuwa akienda kabla ya kuumia, aliokuwa nao, na kinachomzuia sasa. Kizuizi kinaweza kuwa kelele, uchovu, haya, au wingi wa maagizo, na mara nyingi, tukubali, ni sisi wakubwa tunaomfungia ndani kwa huruma.

Chagueni jambo moja tu, na liwe lile analolitaka yeye. Tuseme alizoea kutumwa dukani kununua mawese. Mwanzoni aende na dada yake, dada ndiye anayezungumza. Siku nyingine mtoto aombe mwenyewe, dada amesimama pembeni. Halafu apewe karatasi yenye picha ya chupa na fedha kamili zisizohitaji chenji. Mwisho aende peke yake huku mwenye duka akiwa amekwisha kuarifiwa. Msivuke hatua kwa sababu ya siku moja nzuri, wala msirudi mwanzo kwa sababu ya siku moja mbaya.

Michezo nayo ipangwe hivyohivyo. Rede ina kasi na makelele, lakini bao huchezwa na watu wawili, zamu inasubiri, na anayechelewa kufikiri hakimbiwi. Mwalike rafiki mmoja aje nyumbani kwa nusu saa, na mkiona mambo yametulia, waongezwe. Rafiki huyo aambiwe waziwazi: "Mwenzako ubongo wake uliumia, kwa hiyo mwambie jambo moja moja, na akitaka kupumzika usimcheke." Kwenye mchezo mkubwa anaweza kuanza kwa kuhesabu alama, ila asiachwe hapo siku zote, maana anayehesabu alama kila jioni amekwisha kufanywa mtazamaji.

Shuleni, nenda ukaonane na mwalimu wa darasa kabla hajamwadhibu. "Mwalimu, mwanangu si mkaidi, tangu aumie, maagizo matatu kwa pamoja yanampotea." Omba akae mbele, mbali na dirisha, apunguziwe kunakili ubaoni, na aanze kwa nusu siku. Muda wa mapumziko unastahili uangalizi kuliko vipindi, kwa kuwa humo ndimo kuna msukumano, utani na upweke. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inalinda haki ya mtoto mwenye ulemavu ya kusoma, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kusaidia pale shule inapositasita.

Kwenye harusi au maulidi, fikeni mapema kabla ngoma hazijapamba moto, mtafutieni sehemu tulivu karibu na bibi yake, na muondoke kabla hajachoka. Jirani akisema mtoto amerogwa, jibu fupi linatosha: aliumia ubongo, anaendelea kutibiwa.

Baadhi ya matatizo hujitokeza miaka kadhaa baadaye, masomo yanapokuwa mazito au urafiki wa kubalehe unapohitaji busara zaidi. Kwa sababu hiyo, tunzeni yale maandishi ya mwanzo, myapitie upya kila anapoingia darasa jipya, na mwendapo kliniki mwelezeni daktari kile ambacho mtoto ameanza kukifanya na wenzake na kile alichokiacha.