Taa ya injini ikifutwa inarudi: jinsi ya kumpata mkosaji kwenye gari la zamani

Magari mengi yanayonifikia kwa sababu ya taa ya injini yameshapita mikononi mwa mafundi wengine. Mwenye gari anafungua buti, ananionyesha sensa mbili tatu zilizotolewa, na nikizipima nakuta bado nzima. Taa ilifutwa, ikakaa siku nne, ikarudi. Ikafutwa tena. Inaniuma kuona hela ya mtu inapotea hivyo, maana kosa huwa ni lile lile: namba iliyosomwa kwenye mashine imechukuliwa kama jina la kifaa cha kununua. Namba inakutajia mlalamikaji tu. Mkosaji unamtafuta mwenyewe, na njia ninayoifuata ni hii.

Hatua ya 1: Iangalie taa yenyewe

Fungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, balbu imekufa, au kuna mtu aliichomoa ili hitilafu isionekane wakati wa kuuza gari. Hilo nimelikuta zaidi ya mara moja.

Taa ikimemeta ukiwa barabarani, usiendelee na safari kama kawaida. Maana yake injini inamisi vibaya na petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi. Inaenda kuungulia ndani ya masega, kile kifaa cha kusafisha moshi, na joto lake linaweza kuyayeyusha. Punguza mafuta, tafuta mahali pa kuegesha. Taa iliyotulia bila kumemeta inakupa muda wa kufanya uchunguzi.

Hatua ya 2: Soma, andika, usifute

Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli ya 1996, na ya petroli yaliyouzwa Ulaya kuanzia 2001, yana soketi ya pini 16 chini ya dashibodi, karibu na miguu ya dereva. Kifaa kidogo cha Bluetooth na programu ya simu vinatosha kwa karibu kila kitu nitakachoeleza. Kwenye magari ya zamani zaidi, kompyuta inakuhesabia namba kwa kumemetesha taa. Toyota nyingi za wakati huo zinahitaji uunganishe kwa waya matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha vipimo kilichomo ndani ya boneti. Soma maandishi ya kwenye kifuniko mara mbili kabla ya kuingiza waya, kwa sababu ukikosea tundu unaweza kuunguza kitu.

Chukua mfano wa P0171, namba inayolalamika kwamba hewa ni nyingi kuliko mafuta. Herufi P ni injini na giaboksi. Sifuri ni namba inayotumiwa na watengenezaji wote, na ingekuwa 1 ungejua ni ya mtengenezaji huyo peke yake. Tarakimu inayofuata ndiyo inayotaja familia: 1 na 2 ni mafuta na hewa, 3 ni moto wa plagi, 4 ni mifumo ya kudhibiti moshi, 7 ni giaboksi.

Pamoja na namba, kompyuta huhifadhi picha ya sekunde ile hitilafu ilipoandikwa: mizunguko ya injini, joto, mwendo, mzigo. Andika vyote kwenye karatasi. P0171 iliyojiandika gari likiwa limesimama kwenye mizunguko 750 ni tatizo tofauti kabisa na P0171 ya mizunguko 3,500 kwenye mlima. Ukibonyeza kufuta, ushahidi huo umekwenda, na ndiyo sababu sipendi kabisa fundi anayefuta kwanza ndipo aanze kufikiri.

Hatua ya 3: Betri na waya wa bodi

Kwa gari lenye umri, usiiruke hatua hii, hasa ukikuta namba nne au tano zisizohusiana. Betri iliyopumzika isome karibu volti 12.6, na injini ikiwaka iwe kati ya 13.5 na 14.7. Kisha weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu mtu apige stata. Nikiona zaidi ya volti 0.3 naufungua waya wa bodi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini na bodi, nasugua kutu na kuukaza upya. Sensa inayofanya kazi kwa volti 5 haiwezi kusema kweli kama njia yake ya kurudisha umeme imeoza.

Hatua ya 4: Soma marekebisho ya mafuta

Hapa ndipo magari mengi sugu yanapofunguka. Kompyuta hupima moshi kwa sensa ya oksijeni, kisha huongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia. Kuna rekebisho la papo kwa papo na la muda mrefu, yajumlishe. Jumla ikiwa ndani ya 10 juu au chini, sina wasiwasi. Ikipanda sana upande wa kuongeza, injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta.

Pima mara mbili injini ikiwa na joto: kwanza kwenye silensa, yaani bila kukanyaga mafuta, kisha ukiishikilia kwenye mizunguko 2,500.

Kuna gari lililoletwa na P0171 baada ya kubadilishiwa sensa ya oksijeni mara mbili. Kwenye silensa lilisoma +24. Kwenye 2,500 likashuka hadi +5. Tofauti hiyo ndiyo jibu. Injini ikiwa silensa inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa inayoibwa na tundu dogo ni sehemu kubwa ya pumzi yake. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani. Sensa ilikuwa inasema kweli muda wote, ikaadhibiwa yenyewe.

Nikachukua chupa ya kupulizia maji, nikapuliza kidogo kidogo kuzunguka manifodi ya hewa, mbali na koili na nyaya. Nyuma kabisa, mlio wa injini ukabadilika. Palikuwa na mpira mfupi wenye kona, ule unaorudisha hewa ya ndani ya injini ikachomwe. Kwa juu ulionekana mzima. Nilipouminya kwa vidole viwili ulikuwa laini kama sifongo kwa kulowa oili, na upande wa chini, ambako jicho halifiki, ukafunguka ufa wa urefu wa ukucha. Baada ya kuweka mpira mpya, silensa ilisoma +3.

Ukikuta kinyume chake, yaani namba nzuri kwenye silensa lakini zinapanda kadiri injini inavyobeba mzigo, hamia kwenye pampu ya mafuta, filta, au sensa ya kupima hewa iliyoshika uchafu. Fahamu tu kwamba magari yanayopima presha ya manifodi badala ya mtiririko wa hewa hayaonyeshi uvujaji kwa uwazi huu.

Hatua ya 5: Thibitisha kabla ya kununua

Injini inayomisi: namba P0302 inataja silinda ya 2. Hamisha koili yake kwenda silinda ya 3. Namba ikihamia P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0302, hamisha plagi, kisha pima nozeli na mwisho kompresheni.

P0420 inalalamikia masega, ambayo ni ghali, kwa hiyo usikimbilie kuyabadilisha. Hakikisha ekzosi haivuji kabla ya sensa. Tazama sensa ya oksijeni ya mbele, iliyo kabla ya masega: volti zake zinacheza kati ya 0.1 na 0.9, wakati ya nyuma, iliyo baada ya masega, inapaswa kutulia. Ya nyuma ikicheza sawasawa na ya mbele, masega yamechoka. Hata hapo, tafuta kwanza kilichoyaua, iwe kumisi au injini kula oili, la sivyo mapya yatakufa vilevile.

P0455, inayolalamikia mvuke wa petroli unaovuja, ianzie kwenye kifuniko cha tangi na mpira wake. P0128, inayolalamika kwamba injini haipati joto la kutosha, mara nyingi ni themostati iliyokwama wazi, lakini angalia kwanza kama maji ya rejeta yamepungua. P0135 ni hita ya sensa ya oksijeni. Kagua fyuzi na plagi ya waya, maana ukijani wa kutu ndani ya pini unatosha kuiwasha taa.

Hatua ya 6: Sasa futa

Hitilafu nyingi huwasha taa zikionekana kwenye safari mbili mfululizo, kwa hiyo dashibodi iliyo safi jioni ya leo haijathibitisha chochote. Endesha siku kadhaa: injini iwake ikiwa baridi, ipate joto kamili, itembee mwendo wa kutulia kwa muda, isimame kwenye foleni. Kisha rudisha kifaa, usome namba zinazosubiri ambazo bado hazijawasha taa, na uhakikishe majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Rudia pia vipimo vya silensa na 2,500, uviandike chini ya vile vya mwanzo kwenye karatasi ile ile.