Jinsi ya kuwa bosi mwenye maadili: anza na hela ambayo si yako

Watu wakiongelea maadili ya kiongozi wa biashara utasikia uadilifu, uwazi, uwajibikaji, maneno matamu ya kwenye semina, halafu mtu anarudi dukani kwake hajui aanzie wapi. Mi naona njia nyepesi ni kuangalia hela ambayo imelala mkononi mwako lakini si yako. Kila mwenye biashara anayo: mshahara ambao vijana wameshautolea jasho, makato ya NSSF, VAT ya asilimia 18 aliyolipa mteja, deni la saplaya aliyekushushia mzigo. Nachukua mfano wa duka la vifaa vya ujenzi huku Bongo, lenye wafanyakazi wanne watano, ila hata ukiwa na saluni au malori mambo ni yale yale.

Anza na droo. Bosi anapita mchana anachomoa elfu 50 ya mafuta, saa kumi anatuma mtoto achukue elfu 20 ya mboga, hakuna anayeandika, jioni wanafunga hesabu hela haifiki na dada wa kaunta anaambiwa ana shoti, itakatwa mwisho wa mwezi. Yaani umemwibia mtu mchana kweupe na hawezi kufungua mdomo kwa sababu mwizi mwenyewe ndo bosi. Dawa yake ni kujipangia mshahara wako hata kama mdogo, unaupokea tarehe moja na wenzio, na nje ya hapo kila shilingi inayotoka kwenye droo inaandikwa kwenye daftari na aliyechukua anasaini, wewe ukiwemo. Mwambie dada wa kaunta mbele ya wote kwamba usiposaini asikupe. Siku atakayokukatalia (itafika tu) usinune, usimwite pembeni, saini uondoke. Hiyo siku moja vijana wataijua kuliko mikutano yote ya Jumatatu.

Na hata shoti ikiwa ya kweli huwezi kukata tu kwa hasira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kosa liwe la mfanyakazi kweli, umweleze kwa maandishi sababu, kiasi na ulivyopiga hesabu, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasipite robo ya mshahara wake. Mabosi wengi hawaijui hiyo mpaka wameitwa CMA, ile tume inayosuluhisha migogoro ya kazi.

NSSF ndo pabaya zaidi kwa sababu wizi wake hauna kelele. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mara nyingi nusu kwa nusu. Bosi anakata ile 10 ya mfanyakazi kila mwezi, kwenye karatasi ya mshahara inaonekana kabisa, halafu haipeleki, anaizungushia mzigo akisema mambo yakikaa sawa nitalipa. Mambo hayakai sawa. Jamaa anakuja kugundua ameshaacha kazi, anafuatilia mafao yake anakuta miezi mitupu. Kwa hiyo siku ya kulipa mishahara iwe ndo siku ya kupeleka makato, usiachanishe hata kwa wiki, na kila baada ya miezi michache wahimize vijana wakaangalie michango yao NSSF wenyewe. Bosi anayewaambia watu wake wakamkague hana cha kuficha. VAT nayo ifungulie akaunti ya pembeni ili usiione ukaitamani, ikifika tarehe 20 ya mwezi unaofuata unailipa bila kukimbizana na TRA.

Likizo sitaongea sana, siku 28 kwa mwaka, uzazi siku 84 na mapacha 100, wape, si hisani yako.

Sasa mteja. Anakuja fundi na mwenye nyumba wanataka bati la msauzi geji 28, stoo imebaki geji 30, rangi ile ile, migongo ile ile, mwenye nyumba hawezi kutofautisha kwa macho na 30 ni jembamba zaidi. Kijana wako anakukonyeza. Jibu utakalotoa hapo ndo sera ya kampuni yako, hata kama ukutani umebandika maadili kumi kwa fremu ya dhahabu. Sema imebaki 30, bei yake hii, ukitaka 28 subiri Alhamisi. Utapoteza mauzo mengine, ni kweli, tusidanganyane. Ila ukimfundisha kijana kumdanganya mteja kwa faida yako, usishangae akikudanganya wewe kwa faida yake, ujuzi ni ule ule. Ndivyo ilivyo kwa cha juu pia, ukimpa ofisa manunuzi wa kampuni fulani asilimia 10 ili apitishe tenda yako, dereva wako aliyeshuhudia bahasha anajua kwamba kwako kila kitu kina bei.

Saplaya naye mlipe tarehe mliyokubaliana, au mwambie kabla haijafika. Nakumatt, zile supamaketi za Kenya, ilikuwa na matawi zaidi ya 60, mpaka Uganda, Rwanda na hapa kwetu, wasambazaji wakakaa wanadai, mizigo ikakata, 2017 rafu zikabaki tupu na Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi. Wakubwa wale walikuwa na matawi na jina, wewe una nini kama si neno lako?

Ndugu ukiwaajiri waajiri, sipo kwenye kundi la wanaosema usiajiri ndugu, ila shemeji akichelewa akatwe kama wengine na asile mshahara wa kupita tu kusalimia. Na dada anayeomba kazi asikutane na mtu anayetaka namba yake ya usiku. Ukisikia msimamizi wako ana tabia hiyo msikilize yule dada kwanza, tena asiwepo huyo msimamizi.

La mwisho ni mwezi ambao hela haipo, na utakuja. Usizime simu, usisafiri ghafla. Siku tano kabla tuma kwenye grupu la kazini kitu kama hiki: "Jamani, mteja mkubwa hajalipa. Tarehe 30 nitawapa nusu, nusu iliyobaki tarehe 10. Mwenye ada au mgonjwa aje tuongee leo, wake tutaangalia kwanza." Halafu ya kwako usiiguse mpaka hiyo nusu ya pili imetoka.